Punguza picha kabla ya kuipandisha kwenye tovuti

Unapotengeneza tovuti, usipandishe picha kama ilivyotoka kwenye simu. Picha ya megapikseli 12 ina upana wa pikseli 4000 hivi na kimo cha 3000, na mara nyingi uzito wake ni MB 3 au zaidi, wakati nafasi ya kuiweka haizidi pikseli 1200. Kuibana kwa CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa tovuti, hakusaidii: itaonekana ndogo, lakini msomaji atapakua faili zima kwa bando lake.

Mimi huifungua kwenye GIMP, programu ya bure, naikata pembeni kwanza, kisha naishusha hadi upana wa pikseli 1200. Kuinoa huja mwisho, kwa sababu picha ikipunguzwa hupoteza ukali kidogo. Halafu naitoa kwa JPEG yenye ubora wa 80, au WebP, ambazo ni aina za faili za picha. Nimejaribu kuzilinganisha na ile ya ubora 100 mara nyingi, na kwenye skrini ya simu sioni tofauti. Hapo hapo ondoa alama ya kuhifadhi data za Exif, yaani taarifa ambazo kamera huziandika ndani ya faili la picha, maana ndani yake huenda mna mahali ulipopigia picha, hata nyumbani kwako.

Ila picha asili usiiguse kamwe! Kazi yako ihifadhi kwa XCF, aina ya faili ya GIMP yenyewe, kwani JPEG hupoteza kitu kila unapoihariri na kuihifadhi upya. Niliwahi kuhifadhi juu ya picha asili za harusi ya dada yangu, na leo tunazo zile ndogo tu.