Kuishi na mbwa wa kilo mbili katika nyumba ya ghorofa

Kila Jumamosi asubuhi, kabla hajala, humweka mbwa wangu ndani ya beseni dogo la plastiki juu ya mizani ya jikoni na kuandika uzito wake katika daftari. Anaitwa Ndururu, kwa jina la ile sarafu ya zamani ya senti tano. Ni wa aina ya Chihuahua, mbwa wenye asili ya Meksiko waliopewa jina la jimbo la huko, na mara ya mwisho nilipompima alikuwa na gramu 2,100. Naanza na mizani kwa sababu karibu kila kosa nililolifanya katika mwaka wa kwanza wa kumfuga lilitokana na kusahau namba hiyo: nilimpa kipande cha chakula ambacho machoni pangu kilikuwa kidogo, na nikamwacha aruke kutoka mahali ambapo kwangu palikuwa chini tu. Anayetaka kumtunza mbwa wa kiasi hiki na ajizoeze kuuliza, katika kila jambo la nyumbani, lina ukubwa gani kwa mwili wa kilo mbili.

Kuhusu ununuzi nitasema machache. Usikubali kumchukua mtoto wa mbwa aliye chini ya wiki 8, na kwa mbwa wadogo mno ni heri kusubiri hadi wiki 10 au 12, ili awe ameshazoea kula mwenyewe na ameshajifunza tabia kutoka kwa mama yake na ndugu zake. Wauzaji wanaotangaza mbwa wa kutosha ndani ya kikombe hawauzi aina ya pekee inayotambuliwa na vyama vya mbwa. Wanauza watoto walio wadogo kupita kiasi, na mara nyingi udogo huo huja pamoja na udhaifu. Mguse mtoto wa mbwa utosi kwa ncha ya kidole, kwa upole, kama vile unavyomgusa mtoto mchanga. Mbwa wengi wa Chihuahua wana sehemu laini utosini ambayo kwa baadhi yao haifungi maisha yote, na ingawa hali hiyo peke yake si ugonjwa, mwenye mbwa anapaswa kuijua, kwa maana pigo dogo la kichwa linaweza kumletea madhara makubwa.

Chakula ndicho kinachohitaji uangalifu mkubwa kuliko yote. Mbwa mzima wa kilo mbili huhitaji takriban kalori 150 hadi 200 kwa siku, na chapati moja ya kawaida iliyopikwa kwa mafuta ina zaidi ya hizo. Kwa hiyo mgeni anayemmegea robo ya chapati kwa mapenzi tu amempa sehemu kubwa ya mlo wa siku nzima, na wageni wanne wa namna hiyo siku ya Jumapili wanatosha kumharibu. Akiongezeka gramu 200, ni sawa na mtu wa kilo 60 kuongezeka kilo sita, na uzito huo wote hubebwa na miguu iliyo myembamba kuliko kidole chako. Mimi hupima chakula chake kwa gramu, nikifuata kiasi kilichoandikwa kwenye mfuko na kukirekebisha kulingana na daftari la uzito. Siku ninapompikia kuku asiye na mifupa pamoja na wali kidogo, hupunguza chakula cha mfuko kwa kiasi hicho hicho.

Masalio ya mezani yana hatari nyingine. Karibu kila mchuzi wetu huanza kwa kitunguu kilichokaangwa, na kitunguu, kiwe kibichi au kimepikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Chokoleti, zabibu, karanga za makadamia ambazo hapa Kenya huuzwa kila mahali, na peremende au bazoka zenye utamu wa zailitoli (xylitol, kitu kitamu kinachotumiwa badala ya sukari), zote ni sumu kwake. Mbwa mkubwa huenda akanusurika kwa kuwa kiasi alichokula ni kidogo kwa mwili wake. Mbwa wa kilo mbili hana nafasi hiyo. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo huvunjika vipande vyenye ncha kali, basi isimfikie.

Mtoto wa mbwa wa aina hii hana akiba kubwa ya nguvu mwilini, na akikaa na njaa kwa saa nyingi, sukari katika damu yake hushuka ghafla. Mpe chakula mara nne kwa siku hadi afikishe miezi mitatu, kisha mara tatu hadi miezi sita. Baada ya hapo mara mbili au tatu zinatosha. Ukimwona amelegea, anatetemeka, anayumba kama mlevi au hakutambui, mpake asali au maji mazito ya sukari kwenye fizi kwa kidole, mfunike apate joto, na umpeleke kwa daktari wa mifugo mara moja hata kama ameonekana kuzinduka. Usimmiminie kitu mdomoni akiwa amezimia, kwa maana kitaingia mapafuni. Ndururu alipatwa na hali hiyo akiwa na wiki 11, usiku ambao nilichelewa kurudi, na tangu hapo chupa ndogo ya asali haijawahi kuondoka kwenye rafu iliyo karibu na mlango.

Nyumba yenyewe ni lazima uikague ukiwa umelala kifudifudi sakafuni, maana ndiko anakoishi. Mimi nilifanya hivyo siku ya pili na nikagundua kwamba nafasi kati ya vyuma vya roshani yetu, kwenye ghorofa ya nne, ilikuwa pana kuliko kichwa chake. Tulifunga waya wa kufugia kuku kutoka chini hadi usawa wa kiuno jioni ile ile. Kochi nalo ni mlima: kuruka kutoka kochini hadi kwenye vigae, siku baada ya siku, huumiza magoti na huweza kuvunja mifupa ya miguu ya mbele, ambayo kwa mbwa wadogo hupona kwa shida kwa sababu damu haifiki kwa wingi mahali inapovunjika. Magoti ya nyuma ndiyo dhaifu zaidi, kwani pia ya goti, ambayo pia huitwa kilegesambwa, huteleza na kutoka mahali pake. Ukiona anatembea kisha anainua mguu mmoja wa nyuma na kurukaruka hatua mbili tatu, mpeleke akapimwe. Tandika mkeka mahali pa kupita, na weka vidato viwili vya mbao au mto mgumu mbele ya kochi.

Hatari kubwa kuliko kochi, hata hivyo, ni sisi wenyewe. Chihuahua hupenda kujifukia chini ya nguo na blanketi, kwa hiyo kila mtu nyumbani ajifunze kupapasa kabla ya kukaa, na kutazama miguuni kabla ya kufunga mlango. Wanapombeba, mkono mmoja ukae chini ya kifua na mwingine ushike matako. Asiinuliwe kwa miguu ya mbele. Mtoto wa chini ya miaka sita au saba ambebe akiwa ameketi sakafuni, na mtu mzima akiwa karibu.

Kwa kuwa mwili mdogo hupoteza joto upesi, miezi ya Juni hadi Agosti jijini Nairobi, ambapo usiku halijoto huweza kushuka hadi karibu nyuzi 10, ni migumu kwake. Fulana ya sufu si pambo kwa mbwa huyu, na leso kuukuu mbili zilizokunjwa ndani ya katoni, mbali na mlango, humtosha kwa kulala. Mwogeshe kwa maji ya uvuguvugu mara moja kwa mwezi au anapochafuka, mchana, kisha umkaushe mpaka kwenye ngozi.

Haja ndogo huwasumbua wengi, na wengi humlaumu mbwa. Kibofu chake ni kidogo. Mtoto wa miezi miwili hawezi kuzuia mkojo kwa zaidi ya saa mbili hivi. Weka trei yenye magazeti au nyasi mahali pamoja pasipobadilika, mpeleke hapo kila anapoamka, anapomaliza kula na anapomaliza kucheza, na umsifu papo hapo anapofanikiwa. Kumsugua pua kwenye mkojo hakumfundishi lolote ila kujificha.

Anahitaji kutembea nje kama mbwa mwingine yeyote, dakika 15 hadi 20 asubuhi na jioni. Kamba ifungwe kwenye mkanda unaozunguka kifua, kamwe isifungwe shingoni, kwa sababu bomba la hewa la mbwa hawa ni laini na huweza kubonyea, na kikohozi chenye sauti kama ya bata ndicho dalili yake. Kabla ya kutoka muulize mlinzi iwapo mbwa wa ulinzi wamefungiwa. Wakati huohuo, usimwinue kila anapobweka: mbwa anayebebwa kila anapowakaripia watu hujifunza kwamba ukali unamfaa, na watu humchekea kwa sababu ni mdogo, mpaka siku anapomuuma mtoto.

Hapa South C, mtaa wa Nairobi ninakoishi, majirani zangu wengi ni Waislamu. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, mbwa ni najisi, na kilichopatwa na mate yake huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Kwa hiyo mimi humbeba kwenye ngazi, simwachi anuse viatu vilivyo mlangoni kwa watu, na jirani anayeelekea msikitini mimi humpisha njia. Jirani wa mlango wa pili hajawahi kumgusa Ndururu, wala simtarajii, lakini ndiye aliyenipigia simu aliposikia akilia isivyo kawaida nikiwa kazini. Dada wa kazi naye aulizwe kabla ya kuajiriwa iwapo yuko radhi kukaa na mbwa. Anayeogopa au anayezuiwa na dini yake asilazimishwe.

Kwa daktari, sisitiza apimwe uzito kabla ya dawa yoyote, kwani dawa za minyoo na za usingizi hutolewa kulingana na kilo. Chanjo ya kichaa cha mbwa haipunguzwi dozi kwa udogo wa mwili. Huanza akiwa na miezi mitatu na kurudiwa kwa ratiba ya daktari. Lakini kwa kuwa mbwa wadogo hudhurika mara nyingi zaidi wanapochomwa chanjo kadhaa siku moja, omba zigawanywe kwa wiki mbili tatu, na ukae kliniki nusu saa baada ya sindano. Usidharau meno yake madogo: akimuuma mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na mtu huyo aende hospitali. Kuhusu kupe, nasisitiza kwa nguvu zote: dawa ya amitrazi, inayotumiwa kuogeshea ng'ombe na ambayo wengi huipulizia mbwa wa shambani, asipakwe kamwe Chihuahua. Akifika miezi sita, mfungue mdomo uone kama meno ya utotoni yamebaki kando ya mapya, kwani huhitaji kung'olewa. Kisha umpige mswaki kila siku kwa dawa ya meno ya mbwa, si ya watu.

Kwenye mlango wa friji nimebandika karatasi yenye nambari ya daktari wa mchana, nambari ya daktari wa usiku, mahali ilipo asali, na uzito wa Ndururu kwa penseli, ambao huufuta na kuuandika upya kila Jumamosi.