Zinki oksaidi ya nano kwa majani ya mwarobaini: hatua ya soda ndiyo inayotesa

Juzi nilimsaidia mwanafunzi anayetengeneza chembe ndogo sana (nano) za zinki oksaidi, ambaye mashapo yake, yaani kitu kigumu kinachojitenga na maji, yalikuwa yamempotea mara tatu. Yaliwahi kunikuta na mimi.

1. Chemsha gramu 10 za majani yaliyooshwa katika mililita 100 za maji yaliyokenekwa, nyuzi joto 70 (Selsiasi), nusu saa. Chuja, tumia siku hiyohiyo.

2. Yeyusha gramu 2.2 za asetati ya zinki katika mililita 100 za maji. Ongeza mililita 20 za maji ya majani huku ukikoroga.

3. Ongeza soda kali (haidroksidi ya sodiamu, moli 1 kwa lita), tone kwa tone kwa bureti, hadi pH (kipimo cha asidi na besi) 10. Kwa vipimo hivi itakula mililita 20 na ushei. Balaa ni kwamba pH hukaa palepale muda mrefu, unaanza kuona soda yako mbovu, unaongeza mkono, kisha inaruka ghafla. Mimi niliimimina kwa bika. Mashapo meupe yalitokea, kisha yakaanza kuyeyuka mbele ya macho yangu, kwani haidroksidi ya zinki huyeyuka kwenye asidi na kwenye soda iliyozidi pia. Nilishinda mchana kutwa nikilaumu majani. Unaweza kuirudisha kwa asidi, lakini chembe hazitalingana. Mwaga, anza upya. Na utumie kipima pH cha umeme. Karatasi hutiwa rangi na majani, inakudanganya.

4. Osha mashapo kwa sentrifuji (mashine ya kuzungusha kwa kasi ili yatuame): maji mara tatu, ethanoli mara moja. Kausha, kisha tanuri la nyuzi joto 450, saa 2.

5. Pima kwa miale ya X. Kwa mashine yenye mrija wa shaba, zinki oksaidi huonyesha vilele kwenye pembe (2θ) za nyuzi 31.8, 34.4 na 36.3.

Ukiujaribu unga kama kichocheo cha mwanga, yaani kuvunja rangi kwa msaada wa taa, ukoroge na rangi ya bluu ya methilini gizani nusu saa kabla ya kuwasha taa. Rangi hunata kwenye unga, nawe utadhani imevunjwa.

Ukiujaribu kuua seli za saratani, nina ugomvi na wanaosifu majani kupita kiasi. Zinki huingia ikiwa na chaji ya +2 na kutoka ikiwa na +2. Majani hayaibadilishi, yanazuia tu chembe zisishikamane, na tanuri huyachoma yote. Ukitaka yabaki, ruka tanuri, ila miale ya X ithibitishe kuwa haidroksidi imekwisha. Vyovyote vile, kwa kulinganisha, weka seli nyingine zenye chumvi ya zinki peke yake, nyingine maji ya majani peke yake, na seli zisizo za saratani. Oksaidi hii huyeyuka kwenye vifuko vyenye asidi ndani ya seli na kuachia ayoni za zinki, nazo zenyewe zinaua.