SOMO: Kusomea urabi hatua kwa hatua (soma kwanza kabla hujanifuata inbox)

Jamani nimechoka. Kila wiki inbox wanaingia watu watatu wanne na swali lilelile, "ndugu nataka kuwa rabi naanzia wapi", namjibu mmoja kwa urefu, kesho anakuja mwingine. Naandika hapa mara moja, ukiniuliza tena nakutupia link. Mimi nimekulia Mbale, Uganda, kwa Abayudaya, jamii yetu ya Wayahudi wa huko, shule nimesoma Nairobi, urabi nimesomea Marekani na huko huko sasa ni chapleni wa hospitali, mhudumu wa kiroho wa wagonjwa. Kwa hiyo mengi hapa ni ya Marekani, ndiko nilikopita.

HATUA YA 1. Uwe Myahudi, na uwe na karatasi ya kuonyesha. Umezaliwa au umeongoka, yote sawa, ila watakuuliza umeongokea kwa nani. Sisi Abayudaya tumeshika Torati tangu 1919 enzi za mwanzilishi wetu Semei Kakungulu, lakini ilibidi 2002 marabi wa mkondo (yaani dhehebu) wa Konservativu waje wakae beit din, mahakama ya dini, mamia yetu tukaingia mikve, dimbwi la kujitakasa, ndipo milango ya vyuo vyao ikafunguka. Wayahudi wa mkondo wa Kiothodoksi hawautambui uongofu huo. Ukitaka yeshiva yao, chuo chao cha dini, anza na beit din yao mapema, usije ukalia baadaye.

HATUA YA 2. Digrii ya kwanza. Yoyote. Mimi nilikuwa na ya biashara.

HATUA YA 3. Chagua mkondo kabla ya chuo. Reform wana Hebrew Union College, ilianza Cincinnati 1875. Konservativu wana JTS (Jewish Theological Seminary) pale New York na Ziegler ya Los Angeles, na hapo Ziegler ndipo Gershom Sizomu wetu alipopata urabi 2008, akarudi nyumbani kufundisha na 2016 akachaguliwa mbunge. Kuna Reconstructionist karibu na Philadelphia, na kwa walio Uingereza kuna Leo Baeck College, London. Hesabu miaka mitano hivi. Waothodoksi wana mtindo mwingine, unakaa na Shulhan Arukh, kitabu cha sheria za Kiyahudi, hasa mlango wa nyama na maziwa na vitu vilivyochanganyika, unatahiniwa, unapewa semikha, idhini ya urabi. Usichague chuo kwa sababu una binamu jiji hilo.

HATUA YA 4. Kiebrania. Hapa kaeni chini.

Mimi nilidhani najua. Kitabu cha sala nilikuwa naserereka nacho kama maji, tangu mtoto naimba Ijumaa jioni. Siku ya usaili wakaniwekea karatasi moja mezani, haina irabu, hakuna nukta hata moja ya kuazima. Watu wa pwani mtanielewa haraka: mtu kahitimu msahafu vizuri kabisa na irabu zake zote, halafu unampa gazeti la Cairo. Niliganda. Kulikuwa na neno la herufi tatu, d-b-r. Ukilisoma davar ni neno, ukilisoma dever ni tauni. Mimi kwa kihoro nikatafsiri mbele ya jopo kwamba tauni ya Bwana ilimjia nabii. Kumbe ni neno la Bwana, sentensi ambayo imejaa Biblia nzima na hata mtoto wa Sunday school anaijua! Mmoja akainama kuficha kicheko. Nikaambiwa nirudi mwaka ujao, na kwa kweli haki yao.

Sasa sikilizeni. Usijifunze sala kwa herufi za Kilatini hata wiki moja, ulimi utazoea na jicho litabaki kipofu. Ukishajua alfabeti, toa irabu mapema, usisubiri uwe umeiva. Halafu usidanganywe na programu za simu zinazofundisha kuagiza kahawa Tel Aviv, hicho ni Kiebrania kweli ila sicho cha Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria zetu, na Talmudi ya Babeli, inayoijadili hiyo Mishna, sehemu kubwa ni Kiaramu, lugha nyingine kabisa. Pembeni ya ukurasa wa Talmudi kuna maelezo ya Rashi, mfafanuzi wa zamani, kwa mwandiko wa pekee ambao ukiuona mara ya kwanza utadhani printa imeharibika. Mwaka ule wa kusubiri nilisoma mishna mbili, yaani vifungu viwili vya Mishna, kila siku, bila irabu, kwa sauti, hadi mke wangu akaanza kuzijua.

HATUA YA 5. Insha, barua za walimu, usaili. Andika ukweli, wanagundua.

HATUA YA 6. Kusoma kwenyewe. Mnakaa wawili wawili, inaitwa hevruta, mnasoma kwa sauti na kubishana, ukumbi una kelele kama soko la Gikomba. Talmudi ina kurasa 2,711, kila moja pande mbili, hakuna anayeimaliza chuoni, kwa hiyo usihofu. Unafundishwa namna ya kuogelea tu.

HATUA YA 7. Kazi. Wengi wanafikiri ni sinagogi tu. Sinagogi ipo, lakini hakuna askofu wa kukupangia parokia, unaajiriwa na kamati, mnasaini mkataba, na kamati ikikuchoka mkataba haurudiwi. Kuna kufundisha shule za Kiyahudi. Kuna Hillel, kulea wanafunzi vyuo vikuu. Kuna jeshi, wanataka uzamili wa krediti 72 na barua ya taasisi ya dini inayokudhamini. Kuna hospitali, nilipo mimi: kozi ya vitendo inaitwa CPE, yuniti moja saa 400, na ukitaka cheti kamili cha chapleni unahitaji yuniti nne. Huko hutoi hotuba, unakaa na mtu. Kukagua chakula cha kosher, kinachoruhusiwa na sheria zetu, pia ni kazi, ila hiyo haihitaji urabi, anatosha mtu mcha Mungu anayejua sheria.

Maswali hapa chini, sio inbox.

———

mkulima_76: Mkuu somo zuri. Sasa scholarship zinapatikanaje na visa inachukua muda gani? Mimi dini yoyote sina shida nayo.

Mwandishi: Hatua ya 1.

mkulima_76: Nimeisoma. Nauliza kama mtu anaweza kuwa Myahudi akiwa chuoni.

Mwandishi: Hapana. Na rabi akinusa kwamba unatafuta visa atakurudisha mlangoni. Anamrudisha hata anayetafuta Mungu, mara kadhaa, ndiyo desturi yao. Ukitaka Marekani tu, kasomee unesi, kuna uhaba na hautaulizwa kuhusu mikve.

Bint Kisauni: Assalaam alaykum ndugu. Mimi ni Mwislamu, sitaki kuwa rabi lol, nimesoma kwa udadisi tu. Huyu rabi ni kama padri au ni kama shekhe? Maana hapo kwa Shulhan Arukh nimeona kama fiqhi vile.

Mwandishi: Wa alaykum salaam dada yangu, swali lako ndilo bora kuliko yote niliyopata mwaka huu. Ni kama shekhe, na akikaa barazani kuamua talaka ni kama kadhi, neno lenyewe ni dayan, unasikia "dini" humo ndani. Padri bila yeye hakuna misa. Sisi sala inataka watu wazima kumi, rabi asipokuwepo sala inaendelea. Rabi anachojulikana nacho ni elimu. Mtu anamletea swali, anajibu kwa dalili za vitabu, swali na jibu vinaandikwa, vimekusanywa majuzuu na majuzuu kwa zaidi ya miaka elfu moja. Nyie mnaita fatwa. Ndiyo maana hatua ya 4 nimeiandika kwa uchungu, rabi asiyeweza kusoma ni shekhe asiyejua Kiarabu.

Bint Kisauni: Kumbe! Na irabu zenu ni kama fataha na kasra?

Mwandishi: Kazi ileile. Na mizizi ya herufi tatu ileile. Kiswahili tuna kitabu, katibu, maktaba, zote k-t-b. Kiebrania katav ni aliandika, mikhtav ni barua, ketuba ni hati ya ndoa. Mwenye Kiarabu kidogo anatangulia nusu ya safari.

Fundi Redio: Miaka yote hiyo ya chuo halafu unaishia kukaa na wagonjwa? Si hasara hiyo.

Mwandishi: Umeshawahi kulazwa usiku wa manane peke yako nchi ya watu? Basi. Na mshahara unaingia, asante kwa kujali.

Wairimu: Kaka, wanawake wanaruhusiwa? Na kama mume wangu ni Mkristo?

Mwandishi: Wanawake ndiyo, dada. Regina Jonas alikuwa wa kwanza, Ujerumani 1935. Sally Priesand kwa Reform 1972, Amy Eilberg kwa Konservativu 1985. Waothodoksi walio wengi bado wanakataa, ingawa kuna Yeshivat Maharat, chuo chao cha wanawake, New York tangu 2009. Kuhusu mume, Hebrew Union ilikuwa inakataa wanafunzi wenye mwenza asiye Myahudi, ikaondoa katazo 2024. Reconstructionist waliondoa 2015. Ukienda JTS uliza kabla hujalipa ada ya maombi.

Wairimu: Asante sana. Kamusi gani ya Kiaramu nzuri?

Mwandishi: Jastrow, ya 1903, iko bure Sefaria, maktaba ya mtandaoni. Herufi zake ni ndogo kama mchwa, kuza skrini. Ila kwanza jaribu kubahatisha mzizi mwenyewe ndio ufungue, ukizoea kufungua kila neno hutatoka.

mkulima_76: Na hiyo kazi ya kukagua chakula inalipa ngapi?

Mwandishi: Hatua ya 7, sentensi ya mwisho. Mcha Mungu. Mkulima, wewe ulisema dini yoyote.