Kulea watoto wa paka waliookotwa bila mama: joto kwanza, maziwa baadaye

Kituoni tunakojitolea hapa Dar, maboksi ya watoto wa paka huwa hayaishi. Wengine wametolewa mitaroni, wengine chini ya meza za wachuuzi, wengine nyuma ya banda la mama lishe. Wanaokufa usiku wa kwanza mara nyingi njaa haijawafikisha huko. Wamenyweshwa maziwa wakiwa bado wa baridi. Naandika haya baada ya kumwelekeza kwa simu binti mmoja wa Mbagala aliyeokota watatu, macho bado yamefumba.

Hatua ya 1: Hakikisha hawana mama

Paka jike huwaacha wanawe kwa saa kadhaa akitafuta riziki. Wakiwa wakavu, wameshiba na wametulia, kaa mbali uangalie. Wamelowa, wanalia mfululizo au sisimizi wamewaingia? Wachukue.

Hatua ya 2: Joto

Hapa usiharakishe, hata kama wanalia kiasi gani.

Ingiza ncha ya kidole kilicho safi mdomoni mwa mtoto. Ukihisi ubaridi ndani ya mdomo, huyo hali chochote kwa sasa. Kama una kipimajoto, chini ya nyuzi 35 usimpe maziwa kabisa: utumbo wake umesimama, maziwa yatakaa tumboni mpaka kuchacha, au yatarudi na kuingia mapafuni. Mpake tone la maji ya sukari kwenye fizi, basi.

Watu huniambia, "Dar joto lote hili, kweli atapata baridi?" Anapata. Mpaka afike kama wiki 4 mwili wake hauwezi kujitunzia joto wenyewe. Akilowa mvua ya masika, au akilala kwenye sakafu ya vigae chini ya feni, anapoa upesi.

Njia ninayoiamini ni chupa ya plastiki ya nusu lita. Changanya maji ya moto na ya baridi (yanayochemka yataikunja chupa), funga kifuniko barabara, izungushie kanga mikunjo miwili, kisha ilaze upande mmoja tu wa boksi. Upande wa pili uache wazi ili anayeona joto limezidi ajisogeze. Hilo ni muhimu zaidi Januari na Februari, kwa sababu joto likizidi nalo linaua. Wakilala wametawanyika huku wakihema, ondoa chupa. Wakirundikana na kulia, irudishe.

Chupa ikipoa inageuka adui, inawanyonya joto lao. Kwa hiyo andaa mbili za kubadilishana, na weka maji ya moto kwenye chupa ya chai karibu na kitanda. Taa ya kuwapasha joto siipendi: umeme ukikatika saa nane usiku, huna kitu. Usiwatumbukize kwenye maji ya moto wala kuwapuliza kwa mashine ya nywele. Mwili upate joto polepole, kwa muda wa saa 1 hadi 3. Tandika kanga kuukuu, taulo hapana, maana kucha zao hunasa kwenye nyuzi.

Utajua yuko tayari akianza kukinyonya kidole chako kwa nguvu.

Hatua ya 3: Maziwa

Tafuta maziwa ya unga ya watoto wa paka, kwa daktari wa mifugo au duka linalouza vyakula vya wanyama wa nyumbani. Ya ng'ombe yana laktosi (sukari ya maziwa) nyingi, na protini na mafuta yake hayamtoshi paka. Yanawaharisha, na kuhara kunawamaliza haraka.

Natumia bomba la sindano la mililita 1, sindano imetolewa. Chupa za chuchu sizitaki kwa wadogo hivi, tundu likiwa kubwa kidogo tu wanapaliwa. Mlaze kifudifudi kama anavyonyonya kwa mama, kamwe usimlaze chali, na mdondoshee tone kwa tone. Kwa mlo mmoja usizidishe mililita 4 kwa kila gramu 100 za uzito wake. Wiki ya kwanza ni kila saa 2 hadi 3, usiku pia.

Hatua ya 4: Haja

Kila baada ya mlo, msugue taratibu sehemu za haja kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu. Hawezi mwenyewe mpaka wiki ya 3 hivi.

Hatua ya 5: Mzani na viroboto

Mzani wa jikoni wa kidijitali, kila asubuhi kabla ya kula, na daftari. Anazaliwa na kama gramu 100, na anapaswa kuongeza 10 hadi 15 kwa siku. Asipoongeza siku nzima, mpigie daktari.

Fizi zikiwa nyeupe, fikiria viroboto: wanaweza kumnyonya damu mpaka afe. Watoe kwa chanuo lenye meno ya karibu. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini ni sumu kwa paka, usiiguse.

Hatua ya 6: Chakula

Wiki ya 4, samaki wa kuchemsha asiye na chumvi wala miiba, asagwe na maziwa yake. Dawa ya minyoo apimiwe na daktari kwa uzito. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni akifikisha miezi 3. Kabla ya hapo, paka yeyote wa kuokota akikung'ata, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, uende hospitali siku hiyohiyo.