Sabuni ya mawese na nazi: wapi kinayeyuka, wapi kinageuka

Ukimwagikiwa na mchuzi wa manjano kwenye kanzu nyeupe, ukapaka sabuni, doa linageuka jekundu papo hapo. Wengi hudhani nguo imeharibika. Kamulia ndimu, unjano unarudi.

Naanza na doa hilo kwa sababu watoto wa sekondari hunijia na madaftari yao kabla ya mtihani, na karibu wote wamekariri kwamba badiliko la kiumbo linarudishika na la kikemikali halirudishiki. Sasa manjano yamegeuka kikemikali na yamerudi. Na mahindi yaliyosagwa je? Mashine imeyageuza umbo tu, lakini nani atarudisha unga uwe punje? Swali langu kwao huwa moja: kilichopo sasa ni kitu kilekile, au kimezaliwa kingine? Sabuni inalijibu vizuri kuliko ubao, maana ndani ya ndoo moja yamo yote mawili. Mimi naitengeneza Iringa, na hivi ndivyo ninavyofanya.

Vifaa

Mawese gramu 600, mafuta ya nazi gramu 400, kostiki soda gramu 150, maji safi gramu 300. Vyote pima kwa mizani, hata maji. Kikombe hakifai hapa. Soda ninayosema ni kostiki yenyewe, si magadi ya kulainishia maharage.

Vaa glavu, miwani na nguo ya mikono mirefu, na fanyia kazi mahali penye hewa. Watoto wasikaribie. Soda ikikurukia, ondoa nguo iliyolowa na suuza ngozi kwa maji mengi yanayotiririka kwa muda mrefu. Ikiingia jichoni, suuza hivyohivyo kisha nenda hospitali. Usihangaike na siki.

Tumia ndoo ya plastiki ngumu au chombo cha stili. Sufuria za alumini ziache kabatini: soda inaila alumini, inatoa mapovu ya gesi ya haidrojeni inayoshika moto, na sufuria inabaki nyeusi yenye vijishimo. Hilo nalo ni badiliko la kikemikali, ila si tulilokuja kulitafuta.

Hatua ya 1: Yeyusha mafuta

Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Dar es Salaam utayakuta yanamiminika. Huku kwetu mwezi wa Juni nayachota kwa kisu, meupe kama mshumaa. Weka chupa kwenye maji ya moto, yatalainika, yatamiminika, na ukiyaacha usiku yataganda tena. Muda wote ni mafuta ya nazi. Hapo ni umbo tu. Changanya na mawese, uache yapoe mpaka uweze kushika ndoo kwa nje bila kuondoa mkono.

Hatua ya 2: Soda ndani ya maji

Soda ndiyo inayomwagwa kwenye maji, kidogokidogo huku unakoroga. Ukimwaga maji juu ya soda, yanaweza kuchemka ghafla na kukurukia usoni.

Maji yatapata joto kali, yatatoa mvuke unaowasha koo. Geuza uso. Watoto hapa husema, "Joto limetoka, basi ni kemikali." Mimi nasema tulieni. Soda imeyeyuka, chembe zake zimetawanyika majini, na kutawanyika huko ndiko kulikotoa joto. Hakuna kitu kipya ndani ya ndoo. Joto ni dalili, na dalili huweza kukudanganya, kama homa isivyokuambia peke yake kwamba ni malaria. Acha yapoe yalingane na mafuta.

Soda yenyewe kagua kabla ya kuipima. Mwaka mmoja nilinunua ya kupimiwa, iliyokaa kwenye gunia lililofunguliwa sijui tangu lini. Ilikuwa na mabonge. Sabuni yangu haikushika. Siku ya tatu bado ilikuwa uji wenye mafuta yanayoelea juu. Soda iliyo wazi hunyonya unyevu wa hewani, halafu hewa ya ukaa huigeuza taratibu kuwa kabonati, ambayo haina nguvu ya kuvunja mafuta. Kwa macho ni unga mweupe uleule, kumbe kitu kingine. Tangu hapo nanunua iliyofungwa na kuihifadhi kwenye kopo lisilopitisha hewa.

Hatua ya 3: Koroga

Mimina maji ya soda kwenye mafuta, si kinyume, na ukoroge bila haraka. Kwa mwiko unaweza kukaa saa nzima. Kwa blenda ya mkono ni dakika chache.

Mwanzoni ni mafuta na maji vinavyokataana. Baadaye rangi ya mawese, ule wekundu wa chungwa, inapauka. Uji unakuwa mzito. Inua mwiko, uache tone lianguke: likikaa juu na kuacha alama bila kuzama, imeshika.

Kilichotokea ni hiki. Mafuta yamejengwa kwa asidi tatu zilizoshikwa na glisarini moja. Soda imezing'oa asidi zile na kuungana nazo, na muungano huo ndio sabuni. Glisarini imebaki huru, imo humohumo. Aliyeichambua kazi hii kwa makini ni Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyechapisha kitabu chake kuhusu mafuta mwaka 1823. Akina mama waliokuwa wakichemsha mafuta na maji ya majivu hawakumsubiri.

Sasa jaribu kurudisha. Chukua sabuni iliyokwisha kukomaa, iyeyushe kwenye maji ya moto, kisha tia chumvi nyingi: sabuni inajitenga na kuelea juu, sabuni ileile. Hilo ni la kiumbo. Sehemu nyingine tia siki: maji yanapauka na utando wa mafutamafuta unapanda juu. Mtoto atashangilia kwamba mafuta yamerudi. Hayajarudi. Zile ni asidi za mafuta peke yake, glisarini haijazishika tena.

Hatua ya 4: Mimina na ufunike

Mimina kwenye boksi lililotandikwa nailoni, ufunike kwa blanketi kuukuu. Usiku sabuni itapata joto yenyewe na katikati itakuwa kama jeli. Kesho yake itakuwa imeganda. Utando mweupe wa unga juu yake ni ile kabonati tena, ukwangue tu.

Hatua ya 5: Kata, upime, usubiri

Baada ya siku moja au mbili kata vipande kumi, ukiwa bado na glavu. Kila kimoja kitakuwa kama gramu 145, maana jumla ni 1,450, uzito uleule ulioingia kwenye ndoo. Mafuta yamekwisha kuwa sabuni na mizani haikuona chochote.

Vipange kwenye rafu yenye hewa kwa wiki nne hadi sita. Sasa ndipo mizani inaanza kusema: maji yanakauka, kipande kinapungua. Vyangu hushuka hadi kama gramu 125. Pima kimoja kila Jumamosi na uandike ukutani. Baada ya wiki ya nne, uzito ukigoma kushuka Jumamosi mbili mfululizo, vifunge.