SOMO: Kuni za ndani kando ya jiko, namna ya kuziweka bila kuunguza nyumba

Habari zenu wakuu.

Tangu mvua zianze napata swali lilelile kila wiki: "Mama, kuni zimelowa, niziingize ndani nizibananishe na jiko zikauke?" Nimejibu mpaka nimechoka. Leo naandika yote mahali pamoja, atakayeuliza tena nitamleta hapa.

Napikia kuni hapa Isevya, Tabora mjini. Jiko langu ni la udongo, lina dohani, na chumba cha kupikia kimeshikana na nyumba ya kulala. Kwa hiyo moto ukitoka jikoni hauna safari ndefu.

1. Nunua mapema. Baiskeli za kuni zikipita Septemba na Oktoba, nunua. Ukingoja Novemba utauziwa maji. Ukuni mbichi unaweza kuwa na maji theluthi hadi nusu ya uzito wake, na moto unayachemsha hayo kwanza kabla haujafika kwenye sufuria yako.

2. Chanja. Unene wa kifundo cha mkono unatosha. Gogo zima lenye gome lake hukauka polepole sana.

3. Panga nje, juu ya matofali, bati juu, pande ziwe wazi. Turubai lisishuke mpaka chini, maana upepo ndio unaokausha. Ukuni uliolala chini ni chakula cha mchwa.

4. Pima. Gonga vipande viwili. Vikavu hulia kwa sauti kali, vibichi hutoa mlio mzito. Kikavu pia kina nyufa nchani. Ukiweka motoni ncha ya pili ikatoa povu, rudisha nje.

5. Ingiza ndani za leo na kesho tu, na ziwe mita moja kutoka kwenye jiko.

Hapa ndipo nilipokosea, kwa hiyo someni taratibu.

Januari moja niliishiwa kuni kavu. Nikanunua mzigo wa kuni mbichi za mti wa mtundu, nikapanga nusu kwenye uchaga juu ya jiko na nusu nikaiegemeza kwenye ubavu wa jiko lenyewe. Wiki ya kwanza nilijiona mjanja, maana zilikauka kweli. Nikaendelea hivyo. Jioni moja nilibandika maharage, nikatoka kuanua nguo, jirani akanisemesha, tukazungumza. Niliporudi nikakuta harufu ambayo si ya moshi wa kawaida, kali, kama gome linalobabuka. Mwali sikuuona. Niliinama. Ukuni wa chini kabisa, ule uliogusa udongo wa jiko, ulikuwa mweusi nchani, na kwenye mpaka wa weusi kulikuwa na mstari mwekundu mwembamba kama uzi, unatembea. Nikauvuta. Upepo wa mlangoni ukaupata, ukawaka mkononi mwangu, nikautupa, ukaangukia zile nyingine. Dakika haikupita moto ukawa umefika kwenye uchaga. Majirani walikuja na ndoo, tukauzima. Fito za paa ziliungua na mtoto wangu alikuwa amelala chumba cha pili.

Baadaye ndipo nikaelewa. Ukuni unaopashwa joto siku baada ya siku hauishii kukauka. Unageuka kidogo kidogo kuelekea mkaa, na ukifika hapo unashika moto kwa joto ambalo zamani lisingeufanya kitu. Ndiyo maana "mbona jana haukuwaka?" si hoja. Jana bado ulikuwa ukuni.

Kwa hiyo:
- Mita moja kila upande, yaani hatua moja ndefu ya mtu mzima. Ubavuni, mbele na nyuma.
- Juu ya jiko pasiwe na ukuni hata mmoja.
- Mbele ya mdomo wa jiko fagia maganda na vumbi la kuni kila siku. Kaa likidondoka hapo lisipate cha kushika.
- Rundo lisizibe mlango. Mlango ndio njia yako ya kukimbilia.
- Oili chafu ya kuzuia mchwa msipake kwenye kichanja cha ndani. Najua wengi mnapaka nguzo za nje. Ndani inageuka kuwa utambi.

6. Kung'uta kila ukuni nje kabla ya kuuingiza. Nge na tandu hupenda chini ya gome, na nyoka hufuata panya kwenye rundo. Usiku nenda na tochi, usimtume mtoto.

7. Majivu yaende kwenye debe la bati, si ndoo ya plastiki. Kaa linaweza kuishi ndani ya majivu kutwa nzima na zaidi.

8. Weka ndoo ya mchanga karibu na mlango. Namba ya zimamoto ni 114, mfundishe na mtoto.

Ulizeni.

Kadogoo: Mama mimi jiko langu dogo tu, nikiacha kama sentimita 30 haina shida eti?

Mama Jikoni: Nimeandika mita moja. Rudia hatua ya 5.

Mzee wa Kazi: Mnatishana bure. Bibi yangu alikausha kuni juu ya mafiga maisha yake yote na nyumba haijaungua.

Mama Jikoni: Na bibi yangu pia. Ila uchaga wake ulikuwa juu ya kichwa cha mtu mzima, na bibi alikaa palepale, moto ukiwa mbele ya macho yake mpaka chakula kinaiva. Wewe unabandika, unaenda dukani. Mimi niliondoka kuanua nguo tu. Sitishi mtu, nasimulia kilichonikuta.

Kijana wa Urambo: Shikamoo mama. Sisi wa tumbaku moto wa bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, unakokwa usiku kucha, na kuni tunarundika mbele ya tanuru ili tusihangaike gizani. Hiyo mita moja inatufaa?

Mama Jikoni: Marahaba mwanangu, umeuliza vizuri. Mita moja niliyoitaja ni ya jiko la nyumbani. Tanuru la bani lina mdomo mpana na linawaka mfululizo, kwa hiyo sogezeni rundo mbali zaidi, upande ambao upepo haupelekei cheche. Mbele ya tanuru pakae kuni za kuchochea mara moja tu. Msiegemeze kuni kwenye ukuta wa bani, na maganda yafagiliwe kila zamu inapobadilishana. Na mlinzi wa moto awe macho kweli, si kuuachia moto ujilinde.

Kijana wa Urambo: Asante mama. Zamu ya kulala ndiyo inayotushinda.

Mama Jikoni: Basi muwe wawili.

Mgeni wa Kasulu: Nimekata uzio wa mnyaa, ule mti wenye utomvu mweupe, matawi ni mengi. Yakikauka nipikie?

Mama Jikoni: Ndani usipikie. Yale maziwa yake yakiingia jichoni yanaumiza vibaya, na mtu anaweza kupoteza uwezo wa kuona. Ukikata vaa kitu cha kukinga macho, na yakikuingia osha kwa maji mengi papo hapo, kisha nenda hospitali.

Ipuli Boda: Baridi la Juni nikibeba makaa kwenye beseni nikaingiza chumbani nilale nayo?

Mama Jikoni: Usifanye. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, watu wamelala wasiamke. Ongeza blanketi.

Fundi Shoka: Nyongeza kwenye hatua ya 2. Mkaratusi uchanjwe ukiwa mbichi. Ukikauka nyuzi zake zinang'ang'ania shoka.

Mama Jikoni: Kweli kabisa, na mimi nimevunja mpini hivyo. Ukianza na gogo lenye fundo, anzia upande usio na fundo.

Fundi Shoka: Na mpini ukilegea msiloweke shoka kwenye maji, utakaza leo na kesho utalegea zaidi. Piga kabari.

Kadogoo: Mama samahani kwa swali la mwanzo, nilisoma juujuu. Nimepima kwa hatua. Ukuta unaniishia kabla hatua haijatimia, chumba changu ni kimoja cha kupanga. Nifanyeje?

Mama Jikoni: Hapo umenipa kitu cha kujibu mwanangu. Basi kwako kuni zisilale ndani kabisa. Muombe mwenye nyumba sehemu ya ukuta wa nje karibu na mlango wako, weka matofali manne, fito mbili juu yake, na kipande cha bati kilichoinama ili maji yasirudi kwenye kuni. Ukitaka kupika, ingiza za kupikia mara moja tu, na zikibaki zirudishe nje. Bati lisizidi kimo cha dirisha, hewa ipite.

Kadogoo: Bati la zamani ninalo. Fito nitamuomba Fundi Shoka.

Fundi Shoka: Njoo Jumamosi asubuhi.