Somo: Uje Mbeya mwezi gani?

Kila mwaka naulizwa swali hili, mara nyingi na mtu ambaye tayari amekata tiketi. Kwa hiyo naliandika jibu mara moja, ili atakayeuliza tena nimwelekeze hapa.

1. Weka kando kalenda ya Dar es Salaam. Huku hatuna vuli na masika, bali msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei.

2. Amua unachokifuata. Maua ya hifadhi ya Kitulo huchanua wakati wa mvua, hasa Desemba hadi Machi. Anayetaka kupanda mlima Loleza, ulio juu ya mji, na asubiri kiangazi.

3. Juni hadi Agosti ni baridi. Mji uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hivyo beba koti la kweli.

4. Usiipime Tukuyu, mji wa wilaya ya Rungwe, kwa kipimo cha Mbeya mjini. Hapa ndipo nilipoteleza, kwa maana zote mbili. Mwezi Mei mmoja, mjini vumbi likiwa limeshaanza kutimka, niliwachukua shemeji zangu waliotoka Tanga twende Ziwa Ngozi, wilaya hiyo hiyo. Tulikuta msitu unadondosha maji na njia imekuwa utelezi mtupu. Shemeji mkubwa aliteguka kifundo cha mguu, na tulipofika ukingoni ukungu ulikuwa umeliziba ziwa lote, tukarudi bila kuliona. Rungwe mvua huendelea Mei yote, pengine hata Juni, kwa hiyo safari ya Ngozi iwekeni Julai hadi Oktoba. Vaeni viatu vyenye meno, na msimwamini anayesema "kumekauka" ilhali amesimama Mwanjelwa, Mbeya mjini.

5. Septemba na Oktoba kuna jua, vumbi, na moshi wa mashamba yanayochomwa.

MASWALI

Mwanachama: Nakuja Julai. Kuna baridi?
Jibu: Soma hatua ya tatu.

Mwanachama: Umesema tusije wakati wa mvua, sasa maua tutayaona vipi?
Jibu: Sikusema hivyo popote. Nimesema uamue unachokifuata. Ukifuata maua, tafuta gari lenye nguvu na dereva anayezijua kona 57 za kupandia Matamba, njia ya Kitulo, kutoka Chimala, maana barabara ile ikilowa haina mzaha.

Mwanachama: Shikamoo mwalimu. Kwa nini Tukuyu inyeshe wakati Mbeya, umbali wa kilomita 70 hivi, kumekauka?
Jibu: Marahaba, mwanangu, hilo ndilo swali. Upepo wa kusini mashariki hupita juu ya Ziwa Nyasa ukibeba unyevu; ukikutana na milima ya Livingstone na Rungwe hulazimika kupanda, hupoa, na humwaga mvua upande ule, hata ukivuka milima ya Uporoto kuja kwetu huwa umebaki mkavu. Ndiyo maana migomba na chai vimestawi kule. Ukiendelea kuteremka hadi Kyela utakuta kakao na joto, basi weka na shati jepesi chini ya lile koti.

Mwanachama: Ongeza kwamba mwanzoni mwa Agosti maonyesho ya Nane Nane hujaza nyumba za wageni, hivyo mtu awahi chumba.
Jibu: Ahsante, ndugu. Naliongeza kwenye hatua ya tatu, japo najua hawataisoma.